Askari wastaafu mlioshika kamera, tupeane uzoefu (Mwanza na kote ziwani)

AfandeKirumba (mwenye uzi)

Salaam wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Hapa Mwanza nawafahamu wastaafu kadhaa wa jeshi ambao leo riziki yao inatoka kwenye kamera. Yupo wa harusi, yupo mwenye studio Igoma, yupo anayeshinda kisiwani Saanane akiwasubiri ndege. Tukikutana tunaongea bei za lenzi na betri, basi. Jinsi kila mmoja alivyofika hapa hatuongei, na mimi naona ndiyo yenye faida kwa vijana wanaokaribia kutoka jeshini. Kwa hiyo weka njia yako: ulikuwa wapi, kamera uliipataje, jeshi lilikupa nini, na uraiani ilibidi ujifunze nini upya. Wake na watoto wa askari nanyi karibuni, maana picha nyingi za askari ziko kwenye makabati yenu.

Naanza mwenyewe.

Nilikuwa askari wa miguu. Mara ya kwanza kutoka nje ya nchi nilikwenda Darfur na kikosi chetu kilichokuwa chini ya UNAMID, ile misheni ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika ya kulinda amani Darfur, Sudan, upande wa kusini, Khor Abeche. Kamera sikuwa nayo. Koplo mmoja alikuwa na kakamera ka mfukoni. Mwenzangu wa hema moja mke wake akajifungua tukiwa kule, akatumiwa picha ya mtoto kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Nipige na mimi moja, huyu mtoto ajue baba yake yukoje." Nikampiga amekaa juu ya mifuko ya mchanga, kofia ya bluu mapajani. Siku zilizofuata wakaja wengine, na wengine tena. Kilichonishangaza ni kwamba karibu wote waliweka bunduki pembeni kwanza. Walitaka waonekane wanakula, wanafua, wanacheka. Askari akituma picha nyumbani anamfikiria mama yake, anataka mama alale.

Baadaye nilihamishiwa polisi jeshi, na safari iliyofuata ikawa Lebanon, na kombania yetu pale Naqoura, makao makuu ya UNIFIL, jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani kule, baharini kabisa karibu na mpaka wa kusini. Kule ndiko nilikofundishwa kamera kama kazi, na nilifundishwa kwa ajali za magari. Gari la misheni likigongana na gari la raia, polisi jeshi ndiye anayekwenda kupima na kupiga picha. Unaanza na picha ya mbali inayoonyesha barabara yote, alama na mwelekeo. Kisha ya kati, magari mawili na umbali kati yao. Kisha za karibu: alama ya breki, kioo, bodi iliyobonyea, na rula ndani ya picha ili anayesoma ripoti ajue ukubwa. Hugusi kitu, husogezi kitu, unaandika saa. Hadi leo nikiingia kwenye harusi ya mtu naifuata njia hiyo hiyo: ukumbi mzima kwanza, kisha meza, kisha mikono ya bibi harusi. Albamu yenye picha za karibu tupu haimwambii mtu alikuwa wapi.

Mwanga wa ile bahari sijauona kwingine. Majira ya baridi jua linakaa chini mchana kutwa, nyuso zinapata kivuli cha upande mmoja ambacho hapa kwetu unakipata asubuhi na jioni tu. Siku ya mapumziko tulikuwa tunaruhusiwa kwenda mjini Tiro, ile ya kwenye Biblia, Tiro na Sidoni. Hapo nikanunua kamera yangu ya kwanza, Canon ya mtumba, kwenye duka lililokuwa pia na mashine ya kuchapa picha.

Mashine hiyo ndiyo iliyonipa njia. Kulikuwa na mzee mwoka mikate kando ya barabara tunayopita doria. Niliomba kwa ishara, akakubali, nikampiga mbele ya tanuri lake. Nilipopita tena nikamletea picha yake imechapwa. Akaita watu wa nyumba nzima. Mwanawe anayejua Kiingereza akaniambia kwamba wanajeshi wa mataifa mengi wamempiga baba yake picha na ile ndiyo ya kwanza kuiona. Tangu siku ile sikulipa mkate pale, na kila nikikataa nilionekana namkosea adabu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na ndiyo nataka tuijadili: picha irudi kwa aliyepigwa, tena kwenye karatasi. Julai 2013 wenzetu 7 walipouawa Darfur karibu na Manawashi, mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Nilianza kuwatafuta wote waliokuwa kwenye kadi zangu za kule, mmoja mmoja, nikachapa na kutuma. Picha iliyolala kwenye kadi yangu haimfai mama wa mtu.

Nilipostaafu nikarudi Kirumba. Harusi zinanilisha, sikatai, lakini moyo wangu uko visiwani. Nabeba mashine ndogo ya kuchapa inayotumia betri, napanda meli hadi Nansio, natoka hapo kwenda Ukara au kwenye kambi za wavuvi. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, familia kadhaa waliniomba niwakuzie picha ya msibani, na picha pekee waliyokuwa nayo ya marehemu ilikuwa ya kitambulisho cha mpiga kura. Mtu kaishi miaka hamsini, kalea, kavua, kajenga, na sura yake iliyobaki ni ile aliyoketishwa mbele ya shuka jeupe na karani. Hilo sitaki litokee tena pale ninapoweza kufika.

Haya, wengine mje.

DadaMahafali

Asante afande. Mimi sijawa askari wa kuajiriwa, nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Kama nahesabika, niseme.

AfandeKirumba

Unahesabika dada, lete.

DadaMahafali

JKT ilinipa miguu na sauti. Miguu ya kusimama kutwa juani bila kukaa, na sauti ya kupanga watu. Kwenye mahafali ya chuo kikuu pale Malimbe una wazazi, shangazi, wajomba kutoka Geita na Shinyanga, wote wanataka picha moja na mhitimu na muda ni mchache. Nasimama juu ya kiti: "Warefu nyuma! Wazee mbele wakae! Joho katikati!" Wanajipanga dakika ile ile. Wenzangu wenye kamera nzuri kuliko yangu wanabaki kubembeleza.

Mengine nilijifunza kwa kufanya kazi, nawapa jumla. Chukua kianzio nusu kabla ya siku, na tarehe ya kukabidhi iandikwe, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu, mteja ajibu "sawa". Usifute kadi mpaka mteja awe ameshapokea, na picha zikae sehemu mbili tofauti, nyumba mbili ikiwezekana. Ukituma kwa WhatsApp zitume kama faili, ukizituma kama picha zinabanwa na akienda kuchapa zinatoka zimefifia. Na kina dada mnaoanza: kamati ya harusi itakuangalia na kuuliza mpiga picha yuko wapi wakati kamera imening'inia shingoni mwako. Wajibu kwa heshima kwamba ndiye wewe, omba kuonyeshwa waliko wazazi, anza kazi. Baada ya picha tatu nne hakuna anayeuliza tena.

Kuhusu kurudisha picha naunga mkono kwa asilimia zote. Kila kazi yangu, hata ya bei ya chini, lazima mama mzazi apate moja ya karatasi mkononi.

MzeeWaMuleba

Marahaba wajukuu. Nasema mimi, anayeandika ni mjukuu wangu.

Nilipigana vita vya Kagera. Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, nasi tukasafirishwa kwa treni hadi Mwanza ili tuvuke kwa meli kwenda Bukoba. Pale Mwanza tulikaa siku chache tukingoja usafiri. Mjini kulikuwa na studio, mwenye nayo bwana mmoja mpole sana, nyuma ya kiti ana pazia lililochorwa ndege na minazi. Vijana tulijazana pale. Kila mmoja alipigwa na kombati yake, akatoa anwani ya sanduku la posta la kijijini au la shule au la misheni, na yule bwana akaandika yote kwenye daftari: jina, anwani, namba ya picha. Akasema atazisafisha na kuzituma kwa posta.

Vita mnavijua. Masaka na Mbarara tuliziteka Februari 1979, Kampala Aprili 11. Mwanza nayo haikusalimika, ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilikuja kupiga mabomu mwaka ule yakaangukia Saanane, wakafa swala.

Niliporudi Mwanza nilikwenda studio kuuliza picha yangu. Yangu ilifika nyumbani. Lakini yule bwana akafungua droo akanionyesha bahasha zilizorudishwa na posta. Sanduku limefungwa, mwalimu mwenye sanduku kahama, kijiji kimehamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, jina halikusomeka. Picha za vijana, na kati yao nilikuwa nawajua ambao hawakurudi. Akaniuliza kama nawajua watu wa kwao. Nikachukua za Usukumani na za huku kwetu, nikaanza kuzipeleka kwa miguu na kwa baiskeli. Ndivyo nilivyoingia kwenye picha. Nilikuwa mpelekaji kabla sijawa mpigaji.

Akanifundisha chumba cha giza. Taa nyekundu, mabeseni matatu ya dawa, karatasi nyeupe unaitumbukiza kwenye la kwanza na kuitikisa taratibu, uso unakuja wenyewe, macho kwanza kwa kuwa ndiyo meusi zaidi. Mara nyingi uso uliokuja ulikuwa wa mtu niliyemzika. Niliizoea kazi hiyo nikaipenda, na baadaye nikanunua Zenit yangu, kamera ya Warusi, nzito, haiharibiki.

Siku hizi mikono inatetemeka, lakini kazi moja sijaiacha. Hapa Muleba ndipo palipo na makaburi ya mashujaa wetu, Kaboya. Wamelala pale vijana wa nchi nzima. Mama wa Songea au Newala angefikaje Kaboya? Wengi wamekufa bila kuliona kaburi la mtoto wao. Kwa hiyo Siku ya Mashujaa, Julai 25, na siku nyingine nikiwa na nguvu, nakwenda napiga picha ya kaburi moja, jina lisomeke, nalitafutia wenyewe. Nikimpata ndugu namtumia. Wengine wamenijibu kwamba waliiweka ukutani pale pale ilipokuwa picha yake ya ujana.

AfandeKirumba

Mzee, shikamoo tena. Nimekaa na simu mkononi nimeshindwa kuandika kwa muda. Nilidhani kanuni yangu niliitoa Lebanon kumbe ilikuwa hapa Mwanza kabla sijazaliwa.

NyamaganaHabari

Naheshimu sana aliyoandika mzee na afande. Lakini nina hoja, naomba ipokelewe kwa nia njema. Mimi ni mwandishi wa habari. Tukibaki na picha za askari wanacheka na kufua tu, vizazi vijavyo vitajua nini kuhusu gharama ya kulinda amani? Mpiga picha Mohamed Amin alikulia hapa Tanganyika, akaanzisha kampuni ya picha ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akarudi kazini. Mtu kama yule angerudisha picha kwa wenyewe akanyamaza, wangapi zaidi wangekufa? Ipo picha ambayo mwenyewe wake ni umma.

AfandeKirumba

Hoja yako ina uzito, mkuu, na Mohamed Amin namheshimu kuliko nitakavyoweza kuandika hapa. Tofauti yetu ni mlango tulioingilia. Mwandishi anaingia mlango wa mwandishi, kila anayemwona anajua kaja kuchukua habari. Mimi niliingia na sare. Mwenzangu aliniruhusu nimpige amelala kwa sababu ni mwenzangu, na mwanakijiji alitulia mbele yangu kwa sababu nina silaha na yeye hana. Ruhusa ya namna hiyo siwezi kuifanya ya umma bila kurudi kumuuliza. Halafu kuna kiapo. Shughuli za kijeshi, kambi, vifaa, hayo hayakuwa yangu kupiga wala kutoa, na sijawahi. Historia ya gharama iandikwe, naitaka sana, na iandikwe pamoja na familia zenyewe, mama akijua picha ya mwanawe inakwenda wapi.

NyamaganaHabari

Hapo kwenye mwenye silaha na asiye na silaha umenipa la kufikiria. Bado nasimama kwenye yangu, ila nimekuelewa.

MkeWaSajini_Igombe

Nimepewa ruhusa na mume wangu kuandika haya, yeye si mtu wa maneno.

Alikuwa Kongo, ile brigedi ya kujibu mashambulizi iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013, sisi, Afrika Kusini na Malawi. Alirudi mzima wa mwili. Usingizi hakurudi nao. Saa tisa usiku yuko macho, saa kumi katoka, anatembea hadi mwaloni. Desemba 2017 habari za askari wetu kuuawa kambini Semuliki, kule kule Kongo, zilipofika ndiyo akaacha kula kabisa. Tulikwenda hospitali, akapata daktari anayejua mambo hayo, anaendelea naye, na hilo naliweka mbele ili mtu asidhani kamera ni dawa ya kutosha.

Kamera ilikuja kwa mdogo wake aliyeiacha nyumbani. Siku moja kwenye ile safari yake ya saa kumi aliichukua. Akarudi na picha za kina mama wanapokea dagaa kutoka kwenye mitumbwi, taa bado zinawaka, anga imeanza kupauka. Akanionyesha moja moja na kunieleza: huyu anaitwa nani, ana watoto wangapi, kanunua ndoo kwa bei gani. Nilikuwa sijamsikia akiongea sentensi nyingi hivyo tangu arudi. Kule alizoea kukesha akitazama giza kuona kama kuna kinachosogea. Mwaloni anakesha anatazama watu wanaofanya kazi, nao wanamtazama wakamsalimia, "Mwangaluka, baba."

Kinachomsaidia, kwa jinsi ninavyoona, ni kwamba wanamngoja. Akipita siku mbili bila kwenda, kina mama wananiuliza yuko wapi, na picha zao ziko wapi. Kwa hiyo lazima aende, lazima achape, lazima apeleke. Mimi ndiye ninayechapa mjini na kuuza zile kubwa kwa wenye hoteli, wao tunawapa bure.

Wenzangu wenye waume waliorudi: usimwambie asikae na mawazo. Muulize amepiga nini leo.

DadaMahafali

Dada yangu, Mungu akutie nguvu. Mwambie shemeji tunamsalimu wote.

FundiLenzi_Dunga

Majirani, hamjambo? Mimi niko ng'ambo ya ziwa, Dunga, Kisumu. Nilihudumu jeshi la anga la Kenya, fundi wa vyombo vya ndege, zile saa na mita za chumba cha rubani. Vioo vidogo, skrubu ndogo, vumbi haliruhusiwi. Nilipostaafu nikaona kamera ni kazi ile ile, nikafungua kibanda cha kutengeneza. Picha napiga pia, wavuvi wa omena na ndege wa kwenye mafunjo, lakini ufundi ndio unalisha.

Mnajua Don McCullin, Mwingereza aliyepiga vita vya Cyprus, Vietnam na Biafra? Alikuwa kijana wa jeshi la anga la kwao, akifanya kazi chumba cha giza, na kamera yake ya kwanza, Rolleicord, aliinunua alipokuwa Kenya. Aliporudi London akaiweka rehani, mama yake ndiye aliyeikomboa. Huyo mama anastahili shukrani za dunia nzima.

Nimekuja hasa kuwaambia kuhusu kuvu. Kamera nyingi zinazoletwa kwangu kutoka pande zote za ziwa zina ugonjwa mmoja: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya lenzi. Unyevu wa hewa yetu ni mwingi, na kuvu hupenda giza, joto na ngozi. Watu wanapenda kamera, wanaifungia kwenye mkoba wa ngozi, mkoba kabatini, kabati halifunguliwi wiki tatu. Hapo umeipa kila inachotaka. Weka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko usiopitisha hewa, pamoja na zile chembe za kukausha unyevu. Nunua zinazobadilika rangi, zikibadilika zimejaa maji, unazikausha kwenye sufuria kwa moto mdogo hadi rangi irudi. Toka mtumbwini na kamera imelowa matone, ifute, iache wazi penye hewa kabla ya kuifungia. Kila mwezi mulika tochi kupitia lenzi. Kuvu changa nasafisha ikaisha. Ikishakula ule utando wa juu ya kioo, alama hubaki, na mwanga wa jua la jioni utapaka ukungu kwenye kila picha.

Mzee wa Muleba, hasi zako za zamani, zile filamu za kuchapia picha, pia ziko hatarini kwa kuvu hiyo hiyo. Tafadhali mjukuu azitoe kwenye mifuko ya nailoni azipe bahasha za karatasi.

Nansio_Kijana

Shikamooni wazee wangu. Mimi si askari, babu alikuwa. Nina kamera ya kuazima. Nataka kupiga wavuvi wa dagaa usiku na zile taa, lakini kila nikijaribu taa zinatoka michirizi na watu hawaonekani. Pili, droni vipi? Nimeona watu wanarusha pale daraja la Kigongo–Busisi.

AfandeKirumba

Marahaba kijana. Michirizi inatokea kwa sababu unaacha kamera wazi muda mrefu na mtumbwi unayumba. Stendi ya miguu mitatu haina kazi ndani ya mtumbwi, ni ya nchi kavu. Ukiwa juu ya mawe ufukweni ukitaka taa nyingi za mbali, weka stendi, acha wazi sekunde kadhaa, michirizi midogo itapendeza tu, ziwa linaonekana lina watu. Ukitaka nyuso, ingia mtumbwini kwa ruhusa ya mwenye chombo, uvae jaketi okozi. Tumia lenzi inayofungua sana, f/1.8 ikiwezekana, ISO (uwezo wa kamera kushika mwanga) 3200 au zaidi, kasi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Pima mwanga usoni, taa yenyewe iache ipauke. Flashi usiwashe kabisa, unawapofua watu wanaofanya kazi juu ya maji usiku. Na angalia mwezi: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, dagaa hawavutwi na taa, utakwenda ukute mitumbwi imepandishwa mchangani.

Kingine nilichofundishwa kwenye kituo cha ulinzi: gawa eneo, karibu, kati, mbali, kisha litazame kutoka kulia kwenda kushoto. Macho yetu yamezoea kusoma kutoka kushoto, yanateleza. Ukiyarudisha kinyume yanalazimika kusimama kwenye kila kitu. Fanya hivyo mwaloni kabla hujainua kamera.

Droni inahitaji kibali, anza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, usifuate walichofanya wengine. Lile daraja, zaidi ya kilomita 3, linapendeza hata kutoka chini, asubuhi jua likitokea upande wa Kigongo nguzo zote zinashika rangi. Pale penye kibao cha eneo la jeshi, kamera ibaki begani. Hilo halina mjadala.

Nansio_Kijana

Nimeelewa afande. Wabeja sana.

Lindi_Mjini95

Samahani nimechelewa, mimi niko kusini huku, uzi nimetumiwa na rafiki wa Mwanza. Mzee wa Muleba, zile bahasha zilizorudi posta, uliishia wapi nazo? Zipo za huku?

MzeeWaMuleba

Zipo, mwanangu. Yule bwana wa studio kabla hajafariki alinipa zote na daftari lake. Za Usukumani na Kagera nilizimaliza. Zilizobaki ni za mbali: Sumbawanga, Songea, Lindi, Nachingwea, Kondoa. Sikuwa na nauli ya huko wala mtu.

Lindi_Mjini95

Mama yangu ni mtu wa Nachingwea. Mjomba wake alikwenda vitani hakurudi, na nyumbani hakuna picha yake hata moja. Sisemi ni yeye. Naomba tu nitumiwe jina.

AfandeKirumba

Wakuu, tulifanye hili vizuri. Majina na sura tusiziweke hapa hadharani, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, ndugu ndio wanaostahili kuona kwanza. Mzee na mjukuu wabaki na orodha. Mwenye ndugu wa maeneo yale amwandikie mjukuu faragha, ataje jina la askari, kijiji, na kama anajua jina la shule au misheni yenye sanduku la posta.

Mjukuu, namna ya kunakili: kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, laza picha juu ya kitambaa cheusi, simu iwe sambamba nayo juu kabisa, usiwashe flashi, inang'aa. Piga mbele, kisha piga na nyuma, muhuri wa studio na namba viko nyuma. Kurasa za daftari pia, moja moja. Usizipanguse kwa kitambaa chenye maji. Nikipata meli ya Bukoba nitakuja na skana na karatasi nzuri, tuchape.

FundiLenzi_Dunga

Chembe za kukausha nitatuma mimi, kopo zima. Afande nipe njia ya kuzifikisha Mwanza.

MkeWaSajini_Igombe

Mume wangu anasema Kondoa ana mtu, walikuwa wote Beni, Kongo. Anampigia sasa hivi.

MzeeWaMuleba

Hapa ni mjukuu mwenyewe. Babu kaenda kulala, kaniachia ufunguo wa sanduku. Nimelifungua. Za Nachingwea ni mbili, majina yote yanasomeka. @Lindi_Mjini95 nimekuandikia faragha.

Lindi_Mjini95

Nimeona. Nampigia mama.